Maporomoko Yenye Majina

Kabla ya maji kuna karatasi. Unaletewa pamoja na kalamu iliyofungwa uzi, maandishi yamebanana ukurasa mzima, na kiini chake ni kwamba mto una hatari zake, umeelezwa, umekubali, na lolote likikupata usimtafute mtu. Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye aliyenileta Jinja, alitia saini bila kusoma hata mstari wa kwanza. Mimi niliisoma hadi chini. Nimekuwa karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na karatasi siwezi kuipita hivihivi.

“Mama mdogo,” akaninong’oneza, “unawachelewesha Wakenya.”

Wakenya wenyewe walikuwa mume na mke kutoka Nakuru pamoja na shemeji yao, watu wa mzaha mwingi, na hawakuwa na haraka yoyote. Uwepo wao ulitufaa. Kiongozi wetu, kijana wa Kisoga mwenye mabega ya mpiga kafi, alipoona boti zima linaongea Kiswahili aliachana na Kiingereza na kutupa amri zake kwa lugha yetu: pigeni mbele, pigeni nyuma, shikeni kamba, laleni chini. Alichokijua kilikuwa amri tupu, na siku ile hatukuhitaji zaidi.

Nilikuwa Kampala kwa mahafali ya mtoto wa dada yangu, Makerere. Sherehe zilipokwisha akaona zawadi ya kumpa mama yake mdogo ni siku moja ya mto na msitu: asubuhi Mto Nili, mchana kupita juu ya miti ya Mabira, usiku kurudi Kampala. Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Amekulia mjini, na hajui jinsi sisi wengine tulivyolelewa kuhusu mito.

Mimi ni mtu wa Litumbandyosi. Ukitoka Songea kwenda Mbinga unaiacha barabara kuu pale Kitai, unashika njia ya Ruanda na Lituhi, njia ya malori ya makaa ya mawe, na kwetu ni upande huo, kwenye miombo. Mto wetu ni Ruhuhu. Unashuka kutoka milima ya Njombe, unautenganisha mkoa huo na Ruvuma, kisha unamwaga maji yake Ziwa Nyasa kati ya Manda na Lituhi. Hakuna mto mwingine unaoliingizia ziwa lile maji mengi kama huo. Humo hupanda mbasa wakati wa kutaga, na humo wamo mamba. Mtoto wa kwetu hujua mapema kwamba mtoni huendi peke yako, hukai, na hupigi kelele. Kumlipa mtu fedha akuingize kwenye maporomoko ili upige kelele ni jambo ambalo marehemu mama yangu angelisikiliza hadi mwisho, kisha angeuliza kama nina homa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kiongozi lilikuwa la mamba. Akasema hapa hawakai, wako mbali huko kaskazini, Murchison. Hakuzungumzia kichocho, ambacho kipo kote pembezoni mwa Ziwa Victoria na kwenye Nili hii ya juu. Hilo lilikuwa kwenye karatasi, kwa wanaosoma karatasi.

Tuliingia majini chini ya bwawa la Bujagali. Mahali pa kuanzia pana historia yake, kwa sababu safari hizi za boti zimekuwa zikisukumwa kwenda chini kila umeme unapoongezeka. Mpelelezi Speke alipofika mahali Nili unapotoka ziwani, tarehe 28 Julai 1862, aliona maporomoko akayapa jina la Ripon, bwana mmoja wa Uingereza aliyekuwa na cheo katika chama cha wanajiografia. Leo hayapo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth, na maji yake yakayafunika. Biashara ya kushuka mto kwa boti za mpira ilipoanza hapa mwaka 1996, fahari yake ilikuwa Bujagali, ngazi za mwamba zilizokuwa zikimiminika mbele ya macho ya watalii, na vijana wa kijijini wakijitupa humo na dumu la plastiki kifuani kwa ujira mdogo. Nazo hazipo. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012. Kwa Wasoga pale palikuwa makao ya Budhagali, roho mkubwa wa mto, na kabla ya maji kupanda palifanyika matambiko ya kuihamisha mizimu. Wenye mizimu wenyewe hawakuafikiana kama imekubali kuhama.

Safari yenyewe ilianza kwa kupinduliwa makusudi. Kwenye maji tulivu kiongozi anakaa ukingoni mwa boti, anavuta kamba, na watu wote na makafi yao wanakwenda chini. Ni mafunzo: ujue jaketi okozi litakurudisha juu, ujue kushika kamba ya pembeni, usimshike mwenzako shingo. Shemeji wa Nakuru aliibuka akikohoa na kutangaza kwamba amekunywa Ziwa Victoria lote na bado ana kiu. Pembeni yetu vijana wawili walikuwa kwenye kayaki ndogo nyembamba, kazi yao kuokota watu. Niliwatazama kwa makini kuliko nilivyotazama mandhari.

Kisha maji yakaanza kusikika. Hilo ndilo ambalo picha hazikuambii: poromoko hulisikia kabla ya kuliona, na mtoni sauti inatoka mbele tu, usawa wa uso wako, kwa sababu ukingo wa maji unaishia ghafla na baada yake huoni kitu ila matone yakiruka. La kwanza lilikuwa dogo. La pili tuliligonga ubavu. Yalipofika yale wanayoyaita Bubugo, kiongozi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko amri zote. Akasimama kidogo, akachagua njia kwa macho, akaketi.

“Mbele! Mbele! Mama, piga!”

Nilipiga. Boti lilishuka shimoni, pua ikaingia ndani ya wimbi lililokuwa limesimama pale pale bila kwenda popote, na kwa muda nisioweza kuupima sikuwa na juu wala chini. Maji ya Nili ni ya vuguvugu. Niliyaona ya kijani, kisha meupe, kisha anga. Nilikuwa bado ndani ya boti. Mke wa Nakuru hakuwemo, na mumewe alikuwa akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Mama nani, Mama nani, mpaka kayaki ilipomleta akiwa amelala juu ya pua yake, kafi mkononi, anacheka. Mtoto wa dada yangu alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba mama yake mdogo ana siri nyingi.

Kila poromoko hapa lina jina. Nimelitafakari hilo tangu siku ile. Mengine ni ya Kisoga na ya Kiganda, mengine ya mizaha ya wazungu waliotangulia na boti, na kila moja lina daraja lake, kutoka moja hadi sita, kwa kipimo kinachotumika duniani kote: la kwanza ni maji yanayotikisika, la sita ni la kuacha. Waongozaji hujua jiwe lipi liko wapi mitambo mingapi ikiwa imefunguliwa bwawani, kwa maana siku hizi mto unapanda na kushuka kwa amri ya mitambo. Huo ni ujuzi uleule walio nao wavuvi wa Ruhuhu, isipokuwa hapa umeandikwa, una ramani, na kwa hiyo una bei.

Tulitoka majini kabla ya maporomoko ya Itanda. Hapo maboti hubebwa nchi kavu, vichwani mwa vijana wa kijijini ambao hulipwa kwa kazi hiyo, na watu wenye akili timamu hutembea kwa miguu. Itanda ni upande wa mashariki, Kalagala ni upande wa magharibi, na katikati kuna visiwa. Nili wote unajigawa na kuanguka kwa mafungu. Tulikaa juu ya mwamba, tukala chapati iliyoviringishwa na mayai, ile ambayo Uganda nzima huiita roleksi, tukatazama maji ambayo yalipaswa kuwa yamezama.

Nasema yalipaswa kwa sababu kwa miaka mingi Kalagala ilikuwa kwenye orodha ya mahali pa kujengwa bwawa. Iliyoiokoa ni karatasi. Benki ya Dunia ilipoidhinisha kusaidia mradi wa Bujagali mwaka 2007, ilitaka fidia ya uasilia utakaopotea: serikali ya Uganda ikatia saini kwamba maporomoko ya Kalagala hayatatumika kwa umeme, na kwamba misitu ya hifadhi iliyo karibu, Mabira ukiwa mkubwa kuliko yote, italindwa pamoja nayo. Mto na msitu vikawekwa ndani ya mkataba mmoja. Zawadi ya siku moja aliyonipangia mtoto wa dada yangu, asubuhi huku na mchana kule, ilikuwa imefuata mipaka ya waraka ambao hata yeye hakuwa ameusikia.

Ila nisiusifu kupita kiasi. Mwaka huohuo wa 2007 serikali hiyohiyo ilikuwa inafikiria kukata hekta zipatazo 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu, na kuzitoa kwa kampuni ya sukari. Aprili watu waliandamana Kampala, maandamano yakageuka vurugu, watu wakafa, na wengine wakahimizana kugomea sukari yenyewe. Mpango ukawekwa kando. Mwaka 2011 Rais Museveni akaufufua, ukapingwa tena. Mtoni nako, bwawa la Isimba, la megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019 chini ya Itanda, lilirudisha maji nyuma hadi yakafunika sehemu ya mto ambayo wapiga kayaki walikuwa wakisafiri kutoka mabara mengine kuja kuitafuta, na mkataba wa Kalagala ikabidi ufanyiwe marekebisho mwaka 2018. Mtu wa mahakamani hashangai. Mkataba hauzuii mtu kuuvunja. Unachofanya ni kumpa mwenzake kitu cha kushika mkononi siku ya kesi.

Tuliagana na Wakenya huko juu na kurudi barabara kuu, tukivuka lile daraja jipya la nyaya, la mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Alfajiri tulikuwa tumelipita gizani. Zamani malori yote ya Mombasa na Kampala yalikuwa yakipita juu ya bwawa lenyewe la Owen Falls.

Najjembe, katikati ya Mabira, usipite bila kusimama. Hakuna atakayekuruhusu, kwa kweli: ukipunguza mwendo tu, vijana wenye makoti yenye namba wanalizunguka gari na vijiti vya nyama, kuku wa kuchomwa, na gonja, ndizi tamu zilizobabuliwa makaani. Nilinunua kuku kwa Kiswahili na kurudishiwa chenji kwa Kiganda. Ubaya wa kuku wa Najjembe ni kwamba huwezi kula mmoja na ukatamani kufungwa mikanda kiunoni saa moja baadaye.

Mikanda yenyewe iko upande wa maporomoko ya Griffin, unakofika kwa kupinda Lugazi na kupita mashamba ya miwa mpaka miti inapokufunga pande zote. Kuna kambi ndogo inayoendeshwa na wanakijiji wanaouzunguka msitu. Hapa hakuna daraja la kutembea juu ya matawi, kuna waya. Wanakupandisha kwenye jukwaa lililojengwa kwenye mti, wanakufunga kapi juu ya waya, wanahakikisha kulabu mara mbili, na unajiachia kwenda mti mwingine, ng’ambo ya mto Musamya.

Nitasema wazi ninalopendelea. Niliwahi kutembea juu ya daraja la kuning’inia la Hifadhi ya Ziwa Manyara, mita 370 ndani ya matawi, na kule unasimama unapotaka, unaona mchwa wakipanda gome, ndege anakuja karibu akidhani wewe ni sehemu ya mti. Rwanda wanalo lao Nyungwe, lililofunguliwa mwaka 2010, linalopita juu ya bonde kwa kimo ambacho wengi hukivuka wamefumba macho. Kwenye waya msitu wote unakuwa mistari ya kijani na jukwaa linalokukimbilia. Ni raha, sikatai. Nilipiga kelele zaidi ya nilivyopiga mtoni. Lakini unauona msitu pale tu unaposubiri zamu yako.

Zamu zangu za kusubiri nilizitumia vizuri. Kijana aliyekuwa akifunga kapi alinionyesha mvule, na musizi uliokwenda juu bila tawi hata moja mpaka kwenye jua, na mforosadi wa kigeni ulioingizwa miaka ya hamsini kwa ajili ya karatasi, ambao sasa umejipenyeza kila palipokatwa miti na kuinyima mingine nafasi. Juu yetu kitu kikalia kwa sauti nzito ya kukatikakatika. Akasema ni mangabe, kima mweusi mwenye manyoya marefu mabegani, ambaye wataalamu mwaka 2007, huohuo tena, walimtenga kuwa spishi ya pekee ya Uganda. Msitu una kilometa za mraba zipatazo 300, na uko mwendo wa saa moja na nusu kutoka jiji la mamilioni ya watu wanaopika kwa mkaa. Nilitarajia kusikia mashoka. Nilisikia lori likibadili gia, mbali.

“Kwenu kuna msitu kama huu?” akaniuliza.

Nilimwambia kwetu ni miombo. Miti haifungani juu namna hii. Mwanga unafika chini, na mwezi wa tisa, kabla ya mvua, majani machanga yanatoka mekundu mlima mzima. Tembo hupita. Waya wa juu ya miti hautapata sifa kule, ila daraja fupi la kutembea polepole juu ya korongo linaloshuka Ruhuhu lingeweza. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu wa biashara anayesikia habari za mshindani wa mbali sana.

Tangu hapo sikuwa tena Uganda. Barabarani kurudi, kwenye foleni ya Mukono, nilikuwa nahesabu yaliyoandikwa kuhusu bonde letu. Mifupa imeandikwa. Mwingereza Parrington aliikusanya kwenye miamba ya Ruhuhu katika miaka ya 1930, ikapelekwa kwao, na mmoja wa wanyama hao, Nyasasaurus, alipotangazwa mwishoni mwa 2012 alisemekana kuwa huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu sana, wa miaka kama milioni 243 iliyopita. Asilisaurus kongwe naye alipewa jina lake mwaka 2010, kutoka bonde hilohilo. Makaa ya mawe ya Ngaka yameandikwa, kwa tani na kwa bei. Umeme umeandikwa: bwawa la Kikonge, linalopangwa kujengwa kwenye Ruhuhu, limefanyiwa upembuzi, na hutajwa kwa megawati 300 na kilimo cha umwagiliaji.

Sina ugomvi na umeme. Nilisomea mitihani kwa koroboi, nikipangusa masizi puani asubuhi, na atakayeleta waya mpaka nyumba ya mwisho ya Litumbandyosi nitampikia. Lakini Jinja niliona jinsi mazungumzo yanavyokwenda. Upande mmoja wa meza huja na namba. Wa pili, kama una bahati, huja na orodha: poromoko hili, jina lake hili, daraja lake hili, watu kadhaa hula kwa sababu yake, samaki hupanda hapa mwezi huu. Asiye na orodha huambiwa pole. Na sijawahi kuona mahali popote, wilayani wala kwingineko, orodha ya maporomoko ya Ruhuhu. Hata haijulikani kama yanafaa kwa boti. Labda yote ni ya daraja la sita na mamba juu yake. Basi yaandikwe hivyo.

Mtoto wa dada yangu alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, simu yake ikimulika picha yangu nikiwa nimefungua mdomo wote ndani ya Bubugo. Nikachukua yangu nikampigia baba mdogo, aliyevusha watu kwa mtumbwi miaka yote niliyokuwa shule.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Nani amefariki?”

Nilimwambia hakuna msiba, niko Uganda, nataka anitajie majina ya maporomoko, kuanzia la chini. Akanyamaza. Akauliza kama ni mambo ya mahakama. Nikamwambia bado. Akaanza kutaja, nami nikaandika nyuma ya ile nakala ya karatasi niliyotia saini asubuhi, na alipofika la nne akasimama, akasema huko juu zaidi yeye hakuvua, nisikate simu, anakwenda kumwamsha mwenzake.